Asili na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo Pereira

Jina la ukoo Pereira limetokana na nomino ya Kireno pereira, yaani 'mpea'. Kimofolojia, nomino hiyo huundwa kwa kuambisha -eira kwenye pera 'pea', neno lenye asili ya Kilatini pirum. Kiswahili hupata mchungwa kutokana na chungwa kwa kiambishi awali. Kireno hupata jina la mti kwa kiambishi tamati. Baadaye pereira likawa jina la mahali kadhaa nchini Ureno, na kutoka mahali likahamia kwenye koo.

Ipo dhana kwamba majina ya ukoo yatokanayo na miti ni alama ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa nchini Ureno mwaka 1497. Dhana hiyo haina mashiko. Nuno Álvares Pereira, jemadari wa Wareno katika vita vya Aljubarrota vya mwaka 1385, alikuwa na jina hilo zaidi ya karne moja kabla. Waliobatizwa walichukua majina yaliyokwisha kuwapo, kama ilivyotokea pia kwa Wagoa na kwa watumwa nchini Brazili. Kwa hiyo, wingi wa akina Pereira duniani ni ushahidi wa kuenea kwa ubatizo na utawala wa Kireno, wala si wa undugu wa damu.