Fahamu: Kirusi kilichoua paka wa Cyprus

Mwaka 2023 paka wa kisiwa cha Cyprus walianza kufa kwa wingi, wa majumbani na wa mitaani. Walipata homa, wakazubaa, na wengi wakavimba tumbo kwa kujaa maji.

Madaktari wa mifugo wanaujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Unatokana na virusi vya corona vya paka, ambavyo kwa kawaida hukaa utumboni bila kuleta madhara makubwa. Ni katika paka wachache tu ndipo hubadilika na kushambulia mwili mzima, na vikishabadilika ni nadra kuambukiza paka mwingine.

Cyprus mambo yalikuwa tofauti. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kirusi cha paka kilichanganyika na corona ya mbwa, kikachukua sehemu kubwa ya protini ya miiba, ile inayokiwezesha kuingia kwenye seli. Kirusi hicho kipya, FCoV-23, kikawa kinaenea moja kwa moja kutoka paka hadi paka. Hilo ndilo linalotisha zaidi, na halikuishia kisiwani: paka aliyetoka huko aligundulika nacho Uingereza.

Agosti 2023 serikali ya Cyprus iliruhusu vidonge vya UVIKO-19 vya binadamu vitumike kutibu paka. Hakuna ushahidi kwamba FCoV-23 huambukiza watu.

Paka wako akipata homa na kuvimba tumbo, mtenge na wenzake, umwone daktari wa mifugo mapema. Tiba ipo, lakini haisubiri.