Punda anapogoma kuachana na wenzake

Kibakwe, wilayani Mpwapwa, nyumba nyingi hutegemea punda kubeba maji na mavuno. Akigoma kutoka zizini, kazi ya siku nzima inasimama, na wengi hukimbilia fimbo. Lakini mara nyingi punda huyo si mkaidi, anaogopa kutengwa. Punda hushikamana sana na mwenzake, na akiingiwa na hofu husimama tuli kuliko kukimbia. Ukimchapa, unamwongezea hofu.

Tunashauri uanze kwa kumkagua: kidonda mgongoni, kwato, au mzigo uliozidi. Kama ni mzima, mtoe pamoja na mwenzake, bila mzigo. Baada ya siku chache, mtoe peke yake hatua kumi tu, bado akimwona mwenzake. Akitulia, mpe pumba kidogo na umrudishe kabla hajaanza kuhangaika. Ongeza umbali kidogo kidogo. Akisimama njiani, legeza kamba, msubiri, kisha mwongoze tena.

Safari ikiwa ndefu, ni vyema waende wawili. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Akiendelea kugoma, mwone afisa mifugo.