Kamera Husubiri Maji: Maandalizi ya Kupiga Video Pwani ya Unguja

Siku hizi kamera ya video si chombo cha mashirika makubwa peke yake. Vijana wa Bujumbura, Kampala au Bukavu waweza kuchanga fedha, wakanunua kamera ndogo, wakafunga safari hadi Unguja ili kutengeneza filamu fupi juu ya maisha ya pwani. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini, ndugu msomaji, yafaa ifahamike kwamba kazi hiyo haianzi pale kamera inapofunguliwa. Sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, kwa kalamu, karatasi na kalenda.

Nchi za joto zimewafundisha somo hilo hata mabingwa. Mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen katika Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji wakati ule, na Uganda. Wengi katika kundi lake waliugua kwa sababu ya maji machafu, akiwamo mwigizaji mashuhuri Katharine Hepburn. Hata ile mashua iliyoipa filamu jina lake ilizama, ikabidi iopolewe. Watu hao walikuwa na fedha na ujuzi. Kikundi cha watu wanne chenye fedha haba chahitaji hadhari zaidi.

Natutwae mfano mmoja. Kikundi chataka kuonyesha kilimo cha mwani katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya kisiwa cha Unguja. Zao hili lilianza kulimwa huko kwa biashara mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Hupigilia vigingi mchangani, hutandaza kamba baina yake, na katika kamba hizo hufunga vipande vya mwani ambavyo hukua majini. Mwani ukivunwa huanikwa, kisha huuzwa nchi za nje, ambako dutu yake hutumika katika vyakula, dawa za meno na vipodozi.

Sasa, mashamba hayo yamo baharini. Hufikika vizuri wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4 hivi. Katika siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, na mashamba mengi hubaki yamefunikwa. Mgeni aliyenunua tikiti bila kutazama mwezi aweza kukaa siku tano asione ila maji. Kwa hiyo tazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, ndipo ununue tikiti.

Baada ya mwezi, tazama majira. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na yenye nafuu ya joto, lakini ndiyo miezi ya kusi, na upepo huo hupiga sana pwani ya mashariki. Kipaza sauti kisicho na kifuniko cha manyoya kitanasa mvumo wa upepo tu.

Mwangaza nao una adabu zake. Saa ile maji yamepwa jua liko juu, mchanga mweupe unang'aa, na uso ulio chini ya ushungi au kofia huonekana kivuli kitupu. Pima mwangaza kwa kufuata uso, si mchanga. Mahojiano yafanyeni asubuhi mapema au alasiri, kivulini, na kitambaa cheupe kikishikwa mbele ya msemaji kitamwongezea nuru usoni. Msitegemee jioni ndefu: jua likishatua, giza huingia kwa muda usiofika nusu saa.

Vyombo vyenu vina maadui watatu: chumvi, mchanga na unyevu. Kamera ikitolewa ghafla katika chumba chenye kiyoyozi, kioo chake hufunikwa na ukungu. Iacheni ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa hivi ipate joto taratibu. Kila jioni ipanguseni kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Betri za akiba za lithiamu hazipakiwi katika mizigo ya chini ya ndege, huchukuliwa mkononi. Soketi za Tanzania ni za matundu matatu bapa, basi wanaotoka Burundi au Kongo, waliozoea plagi za vijiti vya mviringo, wachukue adapta. Picha za kila siku zinakiliwe mahali pawili, na nakala hizo zisikae katika mfuko mmoja.

Vibali visiachwe hadi siku ya mwisho. Tanzania Bara ina Bodi ya Filamu, nayo Zanzibar ina chombo chake chenyewe, hivyo kibali cha Dar es Salaam pekee hakitoshi. Ndege ndogo isiyo na rubani huhitaji ruhusa ya pekee. Andikeni orodha ya vyombo vyote pamoja na namba zake, ili maofisa wa forodha waione mnapoingia na mnapotoka. Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa sheha.

Hata hivyo, jambo lililo kubwa kuliko yote ni watu. Mama mkulima wa mwani ana saa chache tu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Akisimamishwa mbele ya kamera saa nzima, akaambiwa apite tena, ainame tena, acheke tena, kamba ambazo angezifunga katika saa hiyo hazitafungwa, na bahari haitamngojea. Wageni huondoka na picha nzuri. Yeye hubaki na pengo katika mavuno. Basi mwombeni ruhusa siku moja kabla, na mkubaliane waziwazi juu ya fidia ya muda wake. Mfuateni akiwa kazini badala ya kumsimamisha. Maswali yawe nyumbani kwake, baada ya kazi. Akikataa, shukuruni na mwende zenu. Watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi. Vaeni mavazi ya heshima, jueni saa za sala, na katika mwezi wa Ramadhani msile hadharani.

Filamu ikikamilika, pelekeni nakala kijijini, walioonyeshwa wajitazame.

Wahenga walinena, maji yakijaa hupwa. Aliyejiandaa nyumbani atakuwa ufukweni saa hiyo ikifika, kamera yake i tayari na mwenyeji wake ameridhia.