Homa ya Tezi: Kambini Yalaza Askari, Mitaani Yapita Kimya

Kibera ni mtaa uliozaliwa na jeshi. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwapa askari wa Kinubi wa kikosi cha King's African Rifles makao katika msitu uliokuwa hapo. Kwa hivyo si ajabu walimu na wanafunzi wa Kibera, na wa Kawangware pia, wakizungumzia maradhi ya kambini.

Homa ya tezi ni mojawapo. Huletwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huenea kwa mate. Kuruta humpanda homa, koo humwuma, tezi za shingo humvimba, na uchovu humwandama kwa majuma mengi. Wengu nao ukivimba, mazoezi mazito huweza kuupasua. Ndiyo maana madaktari wa majeshi ya nchi tajiri huchelea kumrejesha mgonjwa gwarideni mapema.

Mbona basi hatuisikii Kibera na Kawangware? Panapo msongamano, mtoto huambukizwa angali mchanga, kwa kutumia kikombe kimoja na wenzake au kwa kutafuniwa chakula. Virusi huingia bila kishindo, vikakaa mwilini maisha yote. Aliyelelewa penye nafasi huweza kuchelewa kuambukizwa hadi ujanani, na huyo ndiye hulazwa kitandani. Ugonjwa huu hautazami ushujaa, hutazama umri.

Wapo watakaosema kwamba msongamano, basi, ni neema. Hilo nalipinga. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi kulitumikia jeshi la Uingereza humu Kenya, alieleza uvimbe wa taya uliowaua watoto nchini Uganda. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakagundua virusi hivi katika chembe za uvimbe huo. Leo twajua kwamba vikiandamana na malaria ya mara kwa mara, huweza kumletea mtoto saratani hiyo. Nairobi malaria ni haba, lakini wanafunzi wetu wengi wana jamaa kanda ya ziwa na pwani, ambako mbu hawana likizo.

Walimu, mwanafunzi mwenye homa na shingo iliyovimba asilazimishwe kukimbia uwanjani. Na taya la mtoto likifura upesi, tusidhani ni jino tu. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana saratani hii hutibika kwa dawa ikigunduliwa mapema. Askari ana daktari wa kambi. Mtoto wa mtaani huenda hana jicho jingine ila la mwalimu wake.