Umeme wa Ethiopia na petroli ya melini

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uje kulisha mikoa ya kaskazini. Vijiwe vikawaka. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikuwa linamalizia mtambo wa mwisho kati ya tisa, na mahitaji ya nchi nzima saa za kilele yalikuwa karibu megawati 1,900. Mtu mwenye kisima kilichojaa anaendaje kununua maji kwa jirani?

Jibu lilikuwa la kihandisi. Umeme hupotea njiani, na kuusafirisha kutoka kusini hadi kaskazini kulitajwa kuligharimu taifa Sh32 bilioni kwa mwaka. Hoja hiyo mimi sikuipinga. Njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inapitisha umeme kwenda na kurudi, na anayekumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023 anajua kutegemea mito yetu peke yake kuna gharama gani.

Kilichonishangaza ni kwamba hasira hiyo haikufika sheli. Petroli na dizeli tunayotumia, yote huletwa na meli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kiliacha kazi hiyo zamani na kubaki kuhifadhi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, nasi tunaipokea kama ratiba ya mvua. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi. Utegemezi unaouma ni huo.

Gesi tunayo. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Ya Mtwara ililetwa kwa bomba lililozinduliwa 2015, baada ya wananchi wa huko kuandamana 2013 wakihoji kwa nini rasilimali inapita mlangoni kwao kwenda kunufaisha mbali. (Swali lao halijajibiwa vya kutosha.) Leo bajaji na teksi za Dar hupanga foleni ndefu kujaza gesi hiyo, kwa kuwa dereva amepiga hesabu na kuona inamlipa kuliko petroli, ingawa vituo ni vichache mno.

Lakini gesi asilia nayo ni mafuta ya kisukuku. Hapo ndipo mjadala wetu unapochanganya mambo mawili. Gesi ya Mtwara ni yetu, ila si safi kama maji ya Rufiji. Umeme wa Ethiopia ni wa mabwawa, safi, ila si wetu. Paneli za sola zinatoka China, japo ukishazinunua hakuna anayekudai jua kila mwezi. Hata kampeni ya nishati safi ya kupikia, inayotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, imeegemea sana mitungi, na gesi ya mitungi inashuka bandarini kama petroli. Inaokoa misitu na mapafu ya mama, hilo silibishi. Kujitegemea haituletei.

Ningekuwa na nafasi ya kumuuliza Waziri wa Nishati jambo moja, lingekuwa bei ya uniti ya umeme. Jiko la umeme linalopika maharage kwa gharama ndogo kuliko mkaa lipo madukani tayari, na umeme wa Rufiji upo. Kadhalika treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inakwenda kwa umeme wa ndani badala ya dizeli ya mabasi. Mizigo ya Zambia na Congo, hata hivyo, bado inapita Tunduma kwa malori, na kila lori linakunywa dizeli iliyonunuliwa kwa dola.