Je, Wajua? Mtoto Aliyezaliwa na Simu Mkononi

Je, wajua kwamba msemo wa "wazaliwa wa dijiti" una umri mkubwa kuliko WhatsApp, Facebook na iPhone? Aliyeueneza ni Mmarekani Marc Prensky, katika makala ya mwaka 2001. Alidai kwamba watoto waliokulia kwenye kompyuta na michezo ya video wanafikiri tofauti na walimu wao, na kwamba mwalimu ni mhamiaji tu katika nchi ya wanafunzi wake. Watoto aliowasema wakati ule sasa wengi wao ni wazazi. Dai lake lilipendwa sana, na mpaka leo wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto akishika simu huijua mwenyewe kama anavyojua kutembea. Watafiti walipolipima dai hilo, halikusimama vizuri.

Mwaka 2018 utafiti wa kimataifa uitwao ICILS uliwapima wanafunzi zaidi ya 46,000 wa darasa la nane, kuanzia Denmark na Finland hadi Chile na Korea Kusini. Hawakuulizwa kama wanajua kupiga picha au kuchati. Walipewa kazi halisi: tafuta habari, amua ipi ya kuaminika, iandae ili mwenzako aielewe. Waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa asilimia 2. Hao ni watoto wa nchi ambazo umeme haukatiki na bando si tatizo.

Je, wajua video moja ilivyowashinda vijana wa Marekani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa mtihani wanafunzi 3,446 wa sekondari, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Katika swali mojawapo walionyeshwa video yenye picha hafifu, iliyodaiwa kuonyesha kura zikiibwa nchini Marekani. Video yenyewe ilipigwa Urusi. Wanafunzi walikuwa na intaneti mbele yao na ruhusa ya kutafuta chochote. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walisema ni ushahidi mzito. Katika majibu zaidi ya 3,000, ni wanafunzi watatu tu waliokwenda kutafuta video ilikotoka wakaipata.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zinajua vizuri kipindi cha uchaguzi kinavyoleta video za namna hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, kwa hiyo habari hiyo isisomwe kama ya mbali.

Dawa yake ipo, na haina gharama. Watafiti haohao wa Stanford waliwaweka pamoja wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo, na wahakiki wa habari wanaofanya kazi hiyo kila siku. Wanahistoria na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa waliopewa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walisoma kidogo tu, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: huyu anayesema haya ni nani, na analipwa na nani? Walipata jibu sahihi mapema zaidi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufundishwa jambo hilo kwa kipindi kimoja, na ningependa kuona linafundishwa.

Je, wajua kwamba meseji ya kwanza ya simu ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza? Mhandisi kijana, Neil Papworth, aliiandika kwenye kompyuta, maana simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandika ujumbe, akamtumia Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Ilikuwa salamu ya Krismasi, maneno mawili tu.

Na ule mpaka wa herufi 160 kwa meseji moja ulitoka wapi? Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa nyumbani kwake mjini Bonn na mashine ya taipu. Aliandika sentensi na maswali ya kawaida yaliyomjia kichwani, kisha akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote ziliishia ndani ya 160. Vijana wa nchi nyingi wakajifunza kuyabana maneno yao yatoshee kipimo hicho, kwa sababu meseji ya pili ilikuwa inakula salio lingine.

Sasa chukua kitochi, kile cha vitufe, uone vijana wetu walifanya nini. Herufi s ni ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo kuipata lazima ubonyeze mara nne. Herufi x ni ya pili kwenye kitufe cha 9. Ukiandika "sasa" unabonyeza mara 10. Ukiandika "xaxa" unabonyeza mara 6. "Sijui" inataka mibonyezo 13, "cjui" inataka 9. Kisha angalia "m2", yaani mtu, na "wa2", yaani watu. Kijana amechukua jina la Kiingereza la namba, ameligeuza silabi ya Kiswahili, na msomaji wake wa Temeke au Kisauni anaelewa bila kuuliza. Anayefanya hivyo anazisikia vizuri silabi za lugha yake.

Je, wajua kwamba jambo hilo limepimwa? Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, pamoja na mwenzao, waliwachunguza watoto wa miaka 10 hadi 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Watoto waliotumia vifupisho vingi zaidi kwenye meseji zao ndio waliosoma maneno vizuri zaidi darasani. Ili ufupishe neno, kwanza uwe unajua linavyosikika na linavyoandikwa. Hilo halimpokonyi mwalimu wa Kiswahili wino wake mwekundu anapoikuta "xaxa" kwenye insha. Insha ina lugha yake, na kazi ya shule ni kuhakikisha mtoto anazo zote mbili.

Je, wajua emoji zilianzia wapi? Japani. Seti maarufu ya mwanzo, alama 176, ilichorwa na Shigetaka Kurita kwa kampuni ya simu ya NTT DoCoMo mwaka 1999. Leo michoro hiyo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Na mwaka 2015 kamusi ya Oxford ilichagua uso unaocheka hadi machozi kuwa "neno" la mwaka.

Je, wajua kwamba karatasi bado haijashindwa na skrini? Nchini Norway, Anne Mangen na wenzake waliwagawa wanafunzi 72 wa darasa la kumi: wengine wakasoma matini kwenye karatasi, wengine wakasoma matini yaleyale kwenye kompyuta. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi. Hiyo ilikuwa 2013. Mwaka 2018 watafiti wengine walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, na karatasi ikaongoza tena, hasa kwa maandishi ya maarifa na pale msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti ya maana.

Lililonishangaza zaidi ni hili: tafiti hizo zilianzia mwaka 2000 hadi 2017, na kadiri miaka ilivyosonga, pengo la karatasi na skrini liliongezeka. Mtu angetarajia wazaliwa wa dijiti wawe wamelifuta. Maelezo ya watafiti ni kwamba skrini tumeizoea kwa mambo ya haraka, tunaperuzi na kupita, na mazoea hayo tunaingia nayo hata kwenye somo la fizikia. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayesomea nukuu zake kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani, kama anaweza kuzipata kwenye daftari, asome kwenye daftari.

Je, wajua kwamba miezi 15 inaweza kuzaa matunda au isizae kitu, ikitegemea kilichomo ndani ya kifaa? Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za msingi. Wachumi wakafuatilia shule 319, nyingi za vijijini, na mwaka 2012 wakatoa ripoti: baada ya miezi 15 hivi, alama za hisabati na lugha za watoto wenye kompyuta hazikutofautiana na za wasio nazo. Mafumbo ya kupima akili waliyafanya vizuri kidogo zaidi, lakini kusoma na kuhesabu palepale. Mashine zilifika, ila masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua hayakufika nazo, na walimu hawakupewa maelekezo wazi ya kuzitumia kufundishia.

Sasa njoo mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019, kwa muda wa miezi 15 vilevile, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi, na vituo vya umeme wa jua vya kuvichajia. Yalikuwa mashindano ya dunia, Global Learning XPRIZE, zawadi zake zikifika dola milioni 15. Shirika la UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana kuyaendesha. Wengi wa watoto hao, asilimia 74, walisemekana hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Hakukuwa na mwalimu wa kuwafundisha. Kulikuwa na programu tano za washindani, na zote zilisema Kiswahili. Mtoto anagusa herufi, sauti inamtamkia, anaifuatisha kwa kidole, anajaribu tena. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilishuka kwa nusu. Wasichana na wavulana waliendelea sawa. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Nafurahia matokeo hayo kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo sitaki yakuzwe. Nusu iliyobaki ilifika mwisho wa jaribio bila kuweza kusoma neno. Watoto hao walihitaji mtu. Kishikwambi kilifanya kazi kubwa mahali ambapo hapakuwa na kitu, na yeyote anayelitumia tokeo hilo kutetea darasa lisilo na mwalimu amelisoma nusu. Ila jambo moja liko wazi: kifaa kilifundisha kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Tena programu zote tano zilizofika fainali zimeachwa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kila anayezitaka anazichukua bure.

Wala simujanja si lazima. Nchini Kenya, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education iliwafikishia wanafunzi masomo mafupi na maswali kwa meseji, ambayo hata kitochi kinapokea. Kutoka Dar es Salaam, katuni za Ubongo Kids zilianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 2014, na mtoto aliweza kujibu maswali ya hisabati kwa meseji kwa simu ya mzazi. Na katika mtaala wa umilisi wa Kenya, ujuzi wa dijiti umewekwa kuwa mmoja wa umilisi 7 wa msingi.

Je, wajua ni nchi gani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko zote wakati wa korona? Ni majirani zetu Uganda: Machi 2020 hadi Januari 2022, baadhi ya madarasa yakirudi katikati kwa muda tu. Mwishoni mwa 2020, UNICEF na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wa umri wa kwenda shule duniani, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Tunapozungumza juu ya kizazi cha dijiti, wengi wa kizazi hicho hawamo.

Je, wajua kwamba mtoto mchanga hajifunzi lugha kwa televisheni? Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 hivi, akawapa vipindi 12 vya Kichina. Kundi moja lilikaa na watu halisi waliowasomea vitabu na kucheza nao. Kundi jingine liliangalia watu walewale kwenye skrini, na la tatu likasikiliza sauti tu. Waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina karibu sawa na watoto wa Taiwan. Makundi mengine mawili hayakupata kitu. Matokeo yalitoka 2003, na tangu hapo kila mzazi anayemwachia mwanawe katuni ili "ajifunze Kiingereza" angepaswa kuambiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Lakini ipo skrini inayofundisha hata mdogo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwafundisha watoto wa miaka 2 hadi 2 na nusu maneno mapya kwa njia tatu: ana kwa ana, kwa simu ya video, na kwa video iliyorekodiwa. Video iliyorekodiwa haikuwafundisha. Simu ya video iliwafundisha sawa na mtu aliyekaa mbele yao, kwa sababu aliye upande wa pili alimsubiri mtoto, akamsikia, akamjibu yeye. Miaka miwili baadaye chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wa chini ya miezi 18 wasipewe skrini, kikatoa ruhusa moja tu: kuongea na jamaa kwa video. Basi bibi wa Tanga mwenye mjukuu Maskati ampigie, amwonyeshe embe, amuulize hili ni nini, na angoje jibu.