Je, Wajua? Paka Hukaribishana kwa Pua

Paka mwenyeji humjua mgeni kwa harufu kabla hajamwona. Ana kiungo cha pekee kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu. Ukimwona ameduwaa, kinywa wazi, mdomo wa juu umekunjwa, hajakasirika. Anaisoma harufu.

Kwa hiyo usimtue paka mdogo mbele yake siku ya kwanza. Mweke mgeni chumba kingine. Msugue mashavu kwa kitambaa, maana hapo pana tezi za harufu, kisha kitandike anapolala mwenyeji. Na cha mwenyeji mpelekee mgeni. Halafu walishe, kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, kishawishi hakitafutwi mbali: dagaa wakavu wasiotiwa chumvi. Kila mlo, sogeza sahani karibu zaidi na mlango. Harufu ngeni huzoeleka pamoja na shibe. Huchukua siku kadhaa, pengine majuma.

Asili yao ni paka-mwitu wa Afrika, *Felis lybica*, anayewinda peke yake. Anayelinda sahani yake hana roho mbaya. Wawili wape sahani mbili, na vyoo vitatu.

Ukiwakutanisha, kufoka ni onyo, si shambulio. Usimpige! Watenganishe, ujaribu tena kesho.

Na hili ndilo zuri kuliko yote: ni nadra paka wazima kuliliana “nyau”. Hiyo ni sauti ya mtoto kwa mama yake, na ya paka kwetu sisi.